Kanisa na Usiku wa Berlin

Liko hubiri moja ambalo washarika wetu wamelisikia mara nyingi mno. Mhubiri anataja Ulaya, anainua sauti, kisha anasema: makanisa yao yamegeuka kuwa disko, vijana wao wanacheza usiku kucha nusu uchi, ndiyo maana Mungu amewaacha. Washarika wanaitikia "Amina" na kurudi nyumbani wakijiona salama.

Nasema bila kuzunguka kwamba hubiri hilo ni la uvivu. Uovu linaoutaja upo kweli, lakini linamwacha msikilizaji bila kazi yoyote ya kufanya isipokuwa kushukuru kwamba yeye si Mzungu. Farisayo aliyesali hekaluni akimtazama mtoza ushuru kwa pembe ya jicho naye alishukuru hivyo hivyo, na tunajua Bwana wetu alivyomhukumu.

Hebu tuutazame mji mmoja, Berlin. Nauchagua kwa sababu wamisionari waliofika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891 walitumwa na chama cha misioni cha mji huo. Waliotuletea Injili walitoka huko, basi yanayowapata watoto wa mji huo hatuwezi kuyasema kama habari za mtu baki.

Usiku wa Berlin una historia yake. Mwaka 1949, mji ukiwa bado magofu ya vita, mwenye hoteli mmoja aitwaye Heinz Zellermayer aliwashawishi watawala wa kijeshi wa nchi za Magharibi waondoe saa ya kufunga baa. Tangu hapo upande wa magharibi wa mji haukuwa na saa ya lazima ya kufunga. Ukuta ulipoanguka mwaka 1989, upande wa mashariki ulibaki na majengo mengi yasiyo na mwenyewe wa kuyaangalia. Vijana wa pande mbili, waliokuwa wametenganishwa kwa miaka 28, wakaingia humo wakacheza pamoja. Mwaka 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa chini ya ardhi, katika vyumba vya kuhifadhia fedha vya duka la zamani la Wertheim. Mwaka 2004 ikafunguliwa Berghain, klabu iliyo maarufu kuliko zote, ndani ya kituo cha zamani cha kuzalisha umeme karibu na stesheni ya Ostbahnhof.

Mhubiri na aangalie vizuri hapo. Katika kumbi hizo mbili hakuna msalaba ulioshushwa. Moja ilikuwa ghala la fedha, nyingine nyumba ya mitambo. Vijana hawakuliteka kanisa. Waliingia mahali palipokuwa patupu, wakawasha taa.

Leo dola yenyewe inaziheshimu kumbi hizi. Mwaka 2016 mahakama ya kodi iliamua kwamba tiketi za Berghain zitozwe asilimia 7 kama za matamasha ya muziki, wala si asilimia 19 kama za starehe za kawaida. Mwezi Machi 2024 muziki wa tekno wa Berlin uliingizwa katika orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wapo hata wanaosema kwamba klabu ndiyo kanisa jipya: ina ibada yake, ina ushirika wake, ina furaha yake.

Hao nao nawapinga. Kwanza, mwili wa mwanadamu ni kiumbe cha Mungu, na Mungu ameupa usiku wa kulala. Sherehe inayoanza Jumamosi saa sita usiku na kwisha Jumatatu asubuhi haiendeshwi kwa maji ya kunywa peke yake. Dawa za kulevya ziko ndani ya starehe hiyo, na kila mwenye klabu anajua. Anayekesha kwa nguvu za kidonge amekopa furaha ya kesho, na deni atalilipa akiwa peke yake chumbani, muziki ukiwa umezimwa.

Pili, tazama mlango. Watu wanapanga foleni kwa saa nyingi kwenye baridi. Mbele yao anasimama baunsa. Aliyejulikana kuliko wote ni Sven Marquardt wa Berghain, mpiga picha mwenye michoro usoni. Baunsa anamtazama mtu sekunde chache, kisha anamruhusu au anatikisa kichwa. Sababu haitolewi. Aliyekataliwa anaondoka mbele ya macho ya wote, akijiuliza ni viatu, ni sura, au ni umri. Sasa linganisha na mwenye karamu katika mfano wa Bwana wetu, aliyewatuma watumishi wake mitaani na vichochoroni wakawalete maskini, vilema na vipofu mpaka nyumba ijae. Karamu ya Mungu inatuma watu nje kuita. Ukumbi unaochagua sura hauwezi kuitwa kanisa, hata kama ngoma yake inatoa machozi.

Lakini ngoja kwanza usiseme "Amina". Je, mlangoni kwetu hakuna baunsa? Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa ametengwa na Meza ya Bwana, na kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba kwaya. Mlevi akiingia katikati ya ibada, mzee wa kanisa anamshika mkono na kumtoa taratibu. Msichana wa baa akija Jumapili na nguo aliyo nayo, macho ya benchi zima yanamwambia alikokosea njia. Baunsa wa Berlin analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Sisi tunaifanya kwa kujitolea.

Tena, si kweli kwamba disko ndilo lililomaliza makanisa ya Ujerumani. Ni kweli kwamba mwaka 2022 washiriki wa makanisa mawili makubwa, la Kiprotestanti na la Kikatoliki, walishuka chini ya nusu ya wananchi wote. Lakini nenda vijijini Saxony-Anhalt, mojawapo ya sehemu za Ulaya zenye Wakristo wachache sana. Huko hakuna Berghain. Usiku ni kimya kabisa, na Jumapili benchi ni tupu vilevile. Miaka 40 ya utawala usiotaka dini ilifanya kazi yake, na uzembe wa Kanisa lenyewe ukaongezea. Ingekuwa muziki ndio unaofukuza imani, vijiji hivyo vingekuwa vimejaa watakatifu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Stesheni ya Ostbahnhof, ile iliyo jirani na Berghain, zamani iliitwa Schlesischer Bahnhof. Mwaka 1894 treni zilikuwa zikishusha hapo wasichana wa vijijini waliokuja kutafuta kazi za ndani na za viwandani. Hawakuujua mji. Pale pale stesheni walisubiriwa na watu wenye maneno matamu, waliowapeleka kwenye danguro au kwa waajiri wa kuwanyonya. Mchungaji mmoja, Johannes Burckhardt, angeweza kuhubiri juu ya Berlin mji wa dhambi, na kila mtu angeitikia. Badala yake alianzisha huduma ya stesheni. Wanawake wa kanisa walisimama pale treni zinapofika, wakawapokea wasichana na kuwaonyesha mahali salama pa kulala. Ilikuwa huduma ya kwanza ya namna hiyo nchini Ujerumani, na huduma za stesheni zipo mpaka leo katika miji mingi ya nchi ile.

Kumbe kabla ya klabu kuja, Kanisa lilikuwa limekwisha simama mtaa ule ule, likiwa macho. Usiku si mali ya shetani. Nikodemo alimwendea Yesu usiku. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane. Kule Troa ibada ilichukua usiku kucha, taa nyingi zikiwaka ghorofani, hata kijana Eutiko akasinzia akaanguka dirishani. Paulo hakuendelea kuhubiri juu ya vijana wasiokesha. Alishuka chini akamkumbatia.

Hapo ndipo hubiri letu la uvivu linaposhindwa. Tunahubiri juu ya usiku tukiwa mchana, halafu saa kumi na mbili jioni tunafunga geti la usharika kwa kufuli, tunamwachia mlinzi na mbwa wake.

Mtu ataniuliza, "Basi unataka Kanisa libariki disko?" Hapana. Dawa za kulevya zinaua, zinaa inavunja, na anayefanya biashara kwa miili ya vijana atatoa hesabu. Nataka tu anayeyasema hayo awe mahali ambapo kijana anaweza kumkuta saa tisa za usiku.

Wala hatuhitaji nauli ya Berlin. Usiku huu mabasi yanaingia kituo cha Mbezi, Dar es Salaam, kutoka Dodoma, Singida na Iringa. Humo wamo mabinti wa miaka 14 na 15 wanaokuja kufanya kazi za ndani kwa watu wasiowajua. Mfukoni wana namba moja ya simu, na mara nyingine namba hiyo haipokelewi. Nani atakuwa wa kwanza kumwambia binti huyo, "Karibu mwanangu, umechoka"? Dalali wa baa yuko pale, hakosi hata siku moja.

Kina mama wetu wana umoja wao, wana sare, wana nyimbo. Tuna mikesha inayojaa watu mpaka alfajiri, na vipaza sauti vinavyowaamsha majirani mitaa mitatu. Basi tutoe mkesha mmoja kwa mwezi. Tuwapeleke wanawake sita wenye hekima kituoni, pamoja na chupa ya chai, namba za simu za ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi, na chumba kimoja cha usharika chenye godoro safi. Wazee wa kanisa watauliza fedha zitatoka wapi. Waulizwe nao godoro moja ni bei gani, na vile vipaza sauti vilinunuliwa kwa kiasi gani.

Tukiisha kufanya hivyo mwaka mmoja, mhubiri apande mimbarini aiseme Ulaya apendavyo. Nadhani atakuwa na mengine ya kusema.