Muuguzi wa afya ya akili naye ni mfanyakazi bora

Kila Mei Mosi tunashangilia wafanyakazi bora wakipokea vyeti na bahasha. Mzazi wa Karatu au Ngorongoro, umewahi kumwona muuguzi wa afya ya akili akiitwa mbele?

Kazi yake haionekani kirahisi. Aliyezalishwa salama huonyesha mtoto wake kwa furaha. Lakini kijana aliyekata tamaa ya kuishi akirudi shule, familia hunyamaza kwa kuogopa maneno ya majirani. Aliyemsaidia hatajwi, na asiyetajwa huchoka au huomba uhamisho.

Aliye bora mnamjua ninyi: humwita mgonjwa kwa jina, hueleza dawa bila kukaripia, hutunza siri, hupiga simu mgonjwa asipofika kliniki. Kwa familia iliyo mbali, kama Nainokanoka, simu hiyo huzuia dawa isikatike.

Andika jina lake, tumbukiza kwenye sanduku la maoni au mwambie mganga mfawidhi. Taja alichofanya, ugonjwa wa mwanao usiutaje. Siku ya Afya ya Akili Duniani ni Oktoba 10, lakini usiisubiri. Anza kliniki ijayo.