Anaenda na Nani?



Nikiwa kidato cha tatu hapa Shinyanga tulikuwa na mwenzetu mmoja, simtaji jina, ambaye mita 800 alikuwa anazikimbia kama anafukuzwa. Wavulana walikataa kufanya naye mazoezi kwa aibu ya kuachwa. Baada ya UMISSETA ngazi ya mkoa kuna mtu akamwona, akasema apelekwe Arusha wiki tatu akajaribiwe, nauli ya basi ipo. Mwalimu akabeba barua mpaka kwao. Baba yake alikuwa mchimbaji mdogo, anashinda machimboni Nyarugusu na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Akaisoma ile barua yote, akaikunja, akauliza swali moja tu: "Anaenda na nani?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Nauli ilikuwa ya mtu mmoja. Binti hakwenda, na mwaka uliofuata hakuwepo darasani. Tukasikia ameolewa upande wa Katoro.

Kwa miaka nimeisimulia stori hii kama stori ya mzee mwenye mawazo ya kizamani. Watu wanacheka, wanatikisa kichwa, tunaendelea. Sasa nasoma sheria, na nakiri nilimkosea yule mzee. Kati ya watu wazima wote waliohusika siku ile, yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali lenye maana. Kosa ni letu sisi wengine, kwamba mpaka leo hakuna ofisi katika mkoa huu yenye jibu la swali lake.

Nataka niliangalie swali hilo kupitia mchezo ambao huku kwetu wengi wameuona kwenye televisheni tu: tenisi. Nimeuchagua kwa sababu ni mchezo unaomlazimisha mtoto kusafiri. Mashindano ya vijana ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, ni ya umri wa miaka 13 hadi 18. Pointi huzipati kwa kuwa bingwa wa mtaani kwako. Unazifuata Nairobi, Cairo, Tunis, wiki baada ya wiki, na hakuna zawadi ya pesa. Tena katika raundi nyingi za mwanzo hakuna mwamuzi wa kiti, watoto wenyewe ndio wanaamua mpira uko ndani au nje. Sasa mchukue binti wa miaka 14 kutoka Ngokolo, Kiingereza chake cha darasani, mweke peke yake uwanjani Cairo na mpinzani ambaye nyuma ya wavu amekuja na baba, kocha na mtu wa mazoezi ya viungo. Kila mpira wa mstarini utakuwa wa nani?

Ndiyo maana kocha wa safari si anasa. Kazi yake nyingi wala haionekani uwanjani. Ndiye anayehakikisha jina la mtoto limesainiwa kabla ya muda kufungwa, anayegombea uwanja wa mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, anayejua nyuzi za raketi zikikatika zinasukwa wapi. Anatafuta chakula ambacho tumbo la mtoto litakikubali. Anakaa na barua ya ridhaa ya wazazi pale dirisha la uhamiaji. Usiku, mtoto akishapoteza mechi na kuikumbuka nyumba, ndiye mtu mzima pekee ndani ya kilomita elfu kadhaa anayejua jina la mama yake.

Angalieni kwa jirani. Angella Okutoyi wa Kenya amezaliwa 2004. Mama yao alifariki wakati wa kuwazaa yeye na pacha wake Roselida, wakalelewa na bibi aliyekuwa mfanya usafi shuleni huko Loresho, Nairobi. Hiyo si familia ya kishua. Januari 2022 huko Melbourne akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana. Julai mwaka huo huo, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akabeba ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon, na waliofungwa fainali ni Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. (Huyo Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo, ndiye aliyekuja kuchukua ubingwa wa wakubwa Montreal mwaka 2025. Kwa hiyo msije mkasema walikutana na vibonde.) Machi 2024 Okutoyi akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra.

Kipaji ni chake, hakuna anayebisha. Lakini kila hatua palikuwa na mtu pembeni. Mjomba wake alimshikisha raketi akiwa mdogo kabisa. Yupo kocha Francis Rogoi. Kilikuwepo kituo cha ITF na Shirikisho la Afrika kilichokuwa Bujumbura. Na upo mfuko unaochangiwa na Grand Slam zenyewe, ambao huwakusanya vijana wa nchi kama zetu wakasafiri kama timu, pamoja na kocha wa msafara aliyelipwa kwa kazi hiyo. Bujumbura, makamanda! Burundi, nchi ambayo tunapenda kuihurumia, ilikuwa na kituo, na ikamtoa Sada Nahimana akacheza Grand Slam za vijana kabla hata ya Okutoyi. Sisi tuna almasi ya Mwadui tangu 1940 na dhahabu ya Geita tangu 2000.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Michezo yetu inaendeshwa na makocha wa kujitolea, na tunawasifia sana kwa hilo. "Mwalimu ana moyo." Anatoa hela yake mfukoni, anamnunulia mtoto viatu, anamlipia nauli. Wengi wao ni watu wema kweli kweli, nawajua. Lakini kocha ambaye halipwi na mtu yeyote anakuwa amekopesha, apende asipende, na mwenye deni ni mtoto. Mtoto wa miaka 15 anayejua kwamba viatu, nauli na ndoto yake yote viko mkononi mwa mwanaume mmoja, akigongewa mlango wa hoteli usiku ana nguvu gani ya kusema hapana? Atampigia nani simu? Kwa hela gani ya kurudi nyumbani?

Hili silizuii kichwani kwangu. Ufaransa, nchi yenye shirikisho tajiri na Grand Slam yake, kocha wa tenisi Régis de Camaret alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kuwabaka wachezaji watoto aliokuwa anawafundisha. Alipewa miaka 8, na rufaa ya 2014 ikaipandisha kuwa 10. Makosa yenyewe yalikuwa ya miongo iliyopita. Kama kule wasichana walinyamaza muda wote huo, huku kwetu tunategemea nini?

Na huku kwetu sheria yenyewe ina tundu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 4, inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na maslahi yake ndiyo ya kwanza. Safi. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, ikaruhusu binti aolewe akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Rebeca Gyumi akaipeleka Serikali Mahakama Kuu, akashinda 2016, Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Badala ya kurekebisha ikakata rufaa, na Oktoba 2019 ikashindwa tena. Ule mwaka mmoja ulishapita zamani. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 uliiweka Shinyanga kileleni kwa ndoa za utotoni, asilimia 59. Wekeni umri huo pembeni ya umri wa ITF, 13 hadi 18. Ni watoto wale wale. Dunia inapowafungulia mlango wa uwanja, sisi tunawafungulia mlango wa jikoni kwa mtu.

Kwa hiyo yule mzee alikuwa na machaguo mawili ya kweli: ampeleke binti yake kwa watu asiowajua, au amuoze kwa watu anaowajua. Simtetei kwa kumuoza. Nasema hakuna aliyempa chaguo la tatu.

Hela ipo? Ipo. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, kinamtaka kila mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, hizi tunazoita fedha za CSR, akubaliane na halmashauri, na mpango uzingatie mambo ya mazingira, jamii, uchumi na utamaduni kulingana na vipaumbele vya halmashauri yenyewe. Hakuna mahali kifungu kinaposema hela hiyo lazima igeuke saruji. Lakini someni mabango ya miradi kuanzia Geita mpaka Msalala: darasa, choo, zahanati, uzio, uwanja. Vingi vinahitajika, sipingi. Shida ni kwamba jengo linakatwa utepe na kupigwa picha. Mshahara wa kocha hauna utepe.

Geita wenyewe walishaonyesha kwamba michezo ikipewa watu inakwenda. Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji iliyodhaminiwa na mgodi, ilipanda Ligi Kuu 2021, msimu wa kwanza tu ikamaliza ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi, wakapanda ndege kwenda kombe la Afrika. Mwaka 2024 wakashuka daraja, hiyo ni habari nyingine na machungu yake. Ila hakuna aliyeuliza kama kocha wa timu asafiri nayo. Kwa wanaume ishirini wazima ni jambo la kawaida. Kwa mtoto mmoja wa kike tunasema bajeti haitoshi.

Na madini hayasubiri. Buzwagi ilianza uzalishaji 2009, ikafungwa 2021. Mtoto aliyezaliwa Kahama mwaka ule mgodi unaanza alikuwa na miaka 12 unapofungwa. Alibakiza mwaka mmoja afikie umri wa ITF.

Najua nitakachoambiwa kwenye vijiwe: we dada, watu hawana maji, wewe unaleta tenisi, mchezo wa Gymkhana? Maji kwanza, nakubaliana na wewe. Sijaomba uwanja wa tenisi kila kata. Weka riadha, ngumi, mpira wa wavu, chochote, hoja ni ile ile: ukimtoa mtoto nje ya mkoa kwa jina letu, tiketi ni mbili, na ya pili ni ya mtu mwenye mkataba. Mtu ambaye rekodi yake imekaguliwa polisi, ambaye halali chumba kimoja na mtoto, ambaye akisafiri na binti kuna mwanamke kwenye msafara, ambaye mzazi ana namba yake na namba ya bosi wake. Akilipwa mshahara anaweza kufukuzwa. Wa kujitolea utamfukuzaje?

Kuhusu ile tiketi ya pili kwenda kwa kiongozi badala ya kocha, sitasema mengi. Sote tumeziona picha za kukabidhiwa bendera, mkahesabu wenyewe suti ni ngapi na traksuti ni ngapi.

Na tusijifiche nyuma ya chama tawala. Ndiyo, mabaraza ya madiwani ya kanda hii tangu uchaguzi wa 2020 yamekuwa ya rangi moja, mpango wa CSR unapita bila mtu wa kunyanyua mkono. Ndiyo, uwanja mkubwa wa mjini kwetu unaitwa CCM Kambarage na jina linajieleza. Lakini mikutano yetu ya hadhara nimehudhuria Shinyanga, Kahama na Geita, nimesimama juani kama nyinyi, na sijasikia hata mara moja mzungumzaji wetu akitaja kocha, au mtoto anayesafiri. Tunataja dhahabu inayoondoka. Watoto wanaobaki hatuwataji. Siku tukipewa halmashauri moja, tutaandika nini kwenye huo mpango? Tukijibu "madarasa zaidi" tutakuwa tumebadilisha rangi ya mabango tu.

Mimi nimeanza na kidogo ninachoweza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa mamlaka ya umma, na wao wana siku 30 za kujibu. Nimeandika barua kwa halmashauri yangu kuomba nakala ya mpango wa CSR wa mwaka huu, na nimeuliza swali moja mwishoni: katika fedha za michezo, ni kiasi gani kinalipa mtu na kiasi gani kinalipa jengo? Naipeleka Jumatatu kwa mkono, nigongewe muhuri wa mapokezi. Walioko Geita Mji, Msalala, Kahama na Kishapu, nitumieni ujumbe niwape nakala ya barua mbadilishe jina la halmashauri tu. Majibu yakija nitayaweka hapa, na yasipokuja nitaweka ule muhuri na tarehe yake.

Yule mzee bado yupo, nilimwona Krismasi sokoni akinunua michembe. Ana wajukuu wawili wa kike. Mkubwa, aliniambia, anakimbia sana.