Volti 12 na volti 220 zisitumie prizi moja

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, nyumba na maduka mengi hupata umeme kutoka paneli za jua au jenereta. Batri ya paneli hutoa volti 12, jenereta hutoa volti 220. Lakini fundi akikosa vifaa vingine sokoni, hufunga prizi na fishi za aina moja pande zote mbili. Hapo ndipo hatari inaanzia.

Mtoto akichomeka taa ya volti 12 katika prizi ya jenereta, taa inaungua, hata moto unaweza kuwaka. Na waya nao una kipimo chake. Kifaa cha wati 60 huvuta ampea 5 kwenye volti 12, lakini kwenye volti 220 hakifikishi hata ampea 0,3. Kwa hiyo waya mwembamba unaotosha kwa jenereta unaweza kupata joto kali kwenye batri.

Fishi za kawaida za nyumbani ziachiwe volti 220 peke yake. Volti 12 ipewe fishi isiyoweza kuingia humo, kama ile ya kiberiti cha gari, na fyuzi iwekwe karibu na batri. Volti iandikwe juu ya kila prizi.

Sheria namba 14/011 ya Juni 2014 iliwafungulia watu binafsi kazi ya umeme nchini. Uhuru huo unadai uangalifu. Wauzaji walete fishi tofauti, mafundi wakatae kuchanganya, na viongozi wa wilaya wafuatilie kabla nyumba haijaungua.