Garanti ya mpangaji si mtaji wa kununulia nyumba ya pili

Mjini Likasi, mtu akipata feza kidogo, anafikiria kwanza kununua nyumba ya kupangisha. Si ajabu. Kwa miaka mingi, Union Minière na kisha Gécamines ndizo zilikuwa zinalaza wafanyakazi katika kambi zao. Kuanzia mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walipoondolewa kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, wengi waliona kama kazi inaisha, lakini nyumba inabaki. Leo mji wetu uko kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu wa migodi wanatafuta pa kulala. Swali ni moja: feza ya kununua inatoka wapi?

Tufanye hesabu. Tuseme nyumba ya Kikula inauzwa dola 12.000, na mpangaji analipa dola 100 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, bila kukosa hata mwezi mmoja, unapata dola 1.200. Ukikopa bei yote kwa riba ya 18% kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inapita dola 2.000. Malipo ya mpangaji hayatoshi hata riba, na bado hujatengeneza paa wala kulipa kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba. Kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa « Banque Lambert », ni hatari zaidi: riba yao inahesabiwa kwa mwezi.

Ndiyo maana wenye nyumba wengine wanageukia mfuko wa mpangaji. Wanamuomba garanti ya miezi sita, hata mwaka mzima, na feza hiyo inaenda kununua parsele ingine ao matofali.

Hilo ni deni, hata kama hakuna anayeliita hivyo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipaswi kupita miezi mitatu. Na mpangaji akitoka anarudishiwa, kisha kuondoa anachodaiwa. Lakini feza yake imekwisha kuwa ukuta wa nyumba ingine. Basi anaambiwa akae mpaka garanti iishe, ao angojee mpangaji mpya aje ndipo alipwe. Siku wawili wanatoka pamoja, mwenye nyumba anauza kwa bei ya kutupa.

Wenye nyumba watajibu: banki haitukopeshi. Ni kweli, na sababu moja iko katika karatasi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Kinacholinda haki ya mtu juu ya parsele ni sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konservatere. Banki inaandikisha rehani juu ya sertifika hiyo, si juu ya karatasi ya shefu wa kartie. Wengi wananunua kwa karatasi hiyo sababu ni bei rahisi, kisha wanaona kama nyumba yao haiwezi kuwasaidia kukopa.

Kwa hiyo wizara ya mambo ya ardhi ifupishe njia ya sertifika na kupunguza gharama zake. Sertifika peke yake haitashusha riba, lakini bila hiyo mazungumzo na banki hayaanzi.

Na wewe ndugu mnunuzi, kabla ya kulipa, enda kwa konservatere uulize jina la nani limeandikwa, na kama hakuna rehani juu ya nyumba. Nunua kwa akiba yako ao kwa likelemba, hata kama itachukua miaka. Garanti ya miezi mitatu iweke pembeni, usiiguse. Mwenye nyumba mbili anayedaiwa na wapangaji wake wote hajamupita mwenye nyumba moja anayelala bila deni.