Mapovu ya watoto uani: Tunaogopa tope, tunasahau chupa



Mchezo wa kupuliza mapovu ya sabuni kila nyumba yenye watoto inaujua. Mtoto huchukua kikombe, akakoroga sabuni na maji, akatafuta bua la jani la mpapai, mrija wa soda au kalamu iliyotolewa wino, kisha akatoka uani kupuliza. Baada ya muda mfupi ua umelowa, nguo zimelowa, mchanga umekuwa tope na ndala moja haionekani. Hapo ndipo makelele yanapoanza. Watoto huambiwa wamejinajisi na swala ya Magharibi imekaribia, kikombe humwagwa, na mchezo hupigwa marufuku.

Katika safu hii leo nasema kuwa marufuku hiyo tumeiweka pasipo pake. Tope tunaloliogopa linaoshwa likaisha. Chenye madhara tumekiacha kimesimama pembeni mwa jiko, ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, bila alama yoyote.

Tuanze na hilo la najisi, maana ndilo linalotumika zaidi kuwafukuza watoto uani. Uchafu na najisi ni vitu viwili. Maji safi ni tohara, sabuni ni tohara, na udongo safi ni tohara kiasi kwamba asiyepata maji huutumia kutayamamu. Vitu hivyo vitatu vikichanganyika juu ya nguo ya mtoto, nguo imechafuka lakini haikunajisika. Ni adabu njema abadilishe nguo kabla ya kwenda msikitini, wala hakuna anayependa kusujudu kwenye mkeka wenye matope. Lakini tukimwambia mtoto wa miaka sita kwamba kila kinachomlowesha ni najisi, tunampandikizia wasiwasi katika tohara ambao baadhi ya watu wazima wanahangaika nao mpaka leo, mtu anatawadha mara tatu kwa swala moja.

Najisi ya kweli ya uani tunaijua. Ni kinyesi cha paka, mkojo wa mtoto mchanga, maji yanayofurika kutoka kwenye shimo la choo, na kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, hata kinyesi cha kuku. Basi lifagiliwe lile eneo la kuchezea, na mchezo usogezwe mbali na banda na karo. Tena kuna jambo la kuangalia kwa mwenye kuweka akiba ya maji. Maji yaliyobadilika kwa sabuni mpaka hayaitwi tena maji tu yanabaki tohara, lakini hayafai kutawadhia. Ndoo ya mapovu isichanganywe na ndoo ya udhu.

Wapo watakaosema kupuliza mapovu ni upuuzi na kupoteza wakati. Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alimwacha Bi Aisha (r.a.) acheze na vinyago vyake pamoja na wenzake. Alimliwaza Abu Umayr, mtoto mdogo, alipofiwa na kindege chake alichokuwa akicheza nacho. Alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni. Mtoto anayefuatilia povu likipanda juu ya paa anatumia macho, pumzi, miguu na akili, na yuko nje kwenye hewa badala ya kulala mbele ya televisheni. Anajifunza pia, bila kuambiwa, kwamba mkono mkavu hupasua povu na mkono uliolowa hulibeba.

Sasa tuje kwenye chupa. Siku hizi sabuni ya maji inatengenezwa mitaani, na ni kazi ya halali inayolisha familia nyingi, zikiwemo za akina mama wajane. Tatizo ni kwamba inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa au za soda zilizokwisha kutumika. Rangi yake ni ya kijani au ya manjano kama juisi, na inanukia limao. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, na hata angejua hakuna kilichoandikwa. Pembeni yake utakuta chupa ya jiki, na kwa wanaotengeneza sabuni ya mche nyumbani, utakuta na kostiki soda. Vyote viko chini, kwa sababu ndipo ndoo ya kufulia ilipo. Mtoto mkubwa anayetaka kupuliza mapovu anatumwa akajichukulie mwenyewe, na anachukua chochote kinachofanana na sabuni.

Vitu hivi havilingani. Sabuni ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji mengi huchoma macho kidogo na huleta kichefuchefu ikimezwa. Jiki ni kali zaidi. Kostiki soda huunguza nyama ya mdomo, koo na umio, na kovu lake linaweza kubana njia ya chakula mtoto akashindwa kumeza hata uji. Machoni inaweza kupofusha. Kitu cha namna hiyo hakifai kuwekwa ndani ya chupa ya kunywea hata kwa siku moja. Kila nyumba ichague chombo kimoja cha sabuni kisichofanana na chombo cha kunywea, kiandikwe kwa kalamu ya wino mzito, na kikae juu mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kigoda. Anayechanganya maji ya mapovu awe mtu mzima.

Mchanganyiko wenyewe ni rahisi. Vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya kuoshea vyombo kwa kikombe kimoja cha chai cha maji vinatosha, na ukitaka povu lidumu ongeza nusu kijiko cha sukari au glisirini kidogo, kwa kuwa hupunguza kasi ya maji kukauka. (Sukari huita sisimizi, kwa hiyo vikombe vioshwe mara baada ya mchezo.) Kwa walio chini ya miaka mitatu tumia sabuni ya maji ya kuogeshea watoto. Mapovu yake si makubwa, lakini macho hayaungui sana. Maji yawe yale ambayo ungekubali mtoto ayanywe, kwa sababu mengine atayanywa tu, na sisi tunaoishi katika miji ambayo kipindupindu kimepita, kama Dar es Salaam mwaka 2015, hatuhitaji kukumbushwa. Maji ya kisima cha chumvi hayatoi povu vizuri, na hapo ndipo watoto huongeza sabuni na kuongeza tena mpaka kikombe kinakuwa sabuni tupu. Tumia ya bomba au ya mvua. Yaliyobaki yamwagwe siku ileile, maana maji ya sabuni yaliyolala siku nyingi huota vijidudu.

Ikitokea sabuni imeingia machoni, mshike mtoto, fungua kope zake kwa vidole, na umimine maji safi yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje kwa dakika 15 mpaka 20 bila kukatisha. Atalia sana, wewe endelea. Usimtie maziwa ya mama, asali wala maji ya majani, hata kama bibi anasisitiza, na hapa nawaomba radhi mabibi. Kama baada ya hapo jicho bado linauma, haliwezi kutazama mwanga, au kilichoingia ni jiki au kostiki, osha kisha nenda hospitali bila kusubiri asubuhi.

Akimeza, kosa kubwa tunalolifanya ni kumlazimisha atapike. Tunamtia kidole kooni, tunamnywesha maji ya chumvi au mafuta. Sabuni ikirudi juu inatoka ikiwa povu, na povu huingia kwenye mapafu kwa urahisi, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya sabuni iliyo tumboni. Kama kilichoingia ni kostiki, kutapika ni kuliunguza koo mara ya pili. Mfute mdomo, mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza, umtazame. Kama alichomeza ni kostiki, au akikohoa mfululizo, akipumua kwa shida, akisinzia, au midomo na ulimi vikiwa vyeupe au vimevimba, ni hospitali, na chupa uende nayo ili daktari ajue alichomeza.

Njia nyepesi ya kupunguza kumeza ni kutoboa tundu dogo kwenye mrija, karibu na upande wa mdomoni. Mtoto akipuliza, pumzi inafika chini. Akisahau akavuta, hewa inaingia kwa lile tundu na sabuni haipandi. Bua la mpapai linafaa, lakini lioshwe na liachwe mpaka utomvu uishe, kwa kuwa utomvu wa mpapai huwasha ngozi, mdomo na macho. Waya uliokunjwa mduara nao ni mzuri ikiwa ncha zake zimezungushiwa uzi au kitambaa. Mahali penye ua wa mbono kaburi watoto huweza kugundua kuwa utomvu wake nao hutoa mapovu, hata bila sabuni. Hapo wakatazwe kwa ukali. Mbegu zake ni sumu, huleta kutapika na kuharisha kubaya, na mtoto aliyezoea kuchuma jani hatachelewa kuchuma tunda. Ama zile bunduki za mapovu zinazouzwa viwanja vya Idd, kagua kifuniko cha betri kabla hujalipa. Betri ndogo ya duara mfano wa kifungo ikimezwa na ikakwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa mbili.

Kuhusu mahali, rai yangu ni mchangani, kamwe si barazani. Sabuni ikimwagika juu ya sementi haionekani, na atakayeteleza si mtoto. Ni bibi anayetoka kutawadha, naye akivunjika nyonga ndiyo mwanzo wa kulala kitandani miezi. Ikimwagika, tupia mchanga, fagia kwa fagio la chelewa, kisha suuza mpaka unyayo usiteleze. Watoto wavae ndala, maana minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Kucha zikatwe. Sunna imetuwekea mwisho wa siku 40, lakini kwa mtoto anayecheza mchangani kila wiki ni bora. Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa, na mpulizaji aupe upepo mgongo ili mapovu yaende mbele badala ya kumrudia usoni.

Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, ua mmoja kwa familia tano. Jirani ana haki. Povu halitui juu ya sufuria yake ya wali wala juu ya kanzu aliyoianika kwa ajili ya Ijumaa bila yeye kuchukia. Mwambie mapema, na mwite mtoto wake naye acheze.

Sasa nani anasafisha? Nadhani hapa ndipo kiini cha marufuku zote kilipo. Mama amefua tangu asubuhi, amepika, na anaona rundo la pili la nguo likitengenezwa mbele ya macho yake. Akipiga kelele simlaumu. Mwenye msaidizi wa nyumbani naye asijione mwema kwa kuruhusu mchezo ambao tope lake litaoshwa na binti wa watu baada ya kazi za kutwa. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Akina baba tunaokaa barazani kunywa kahawa baada ya Alasiri tunaweza kubeba kigoda tukakaa karibu na ile ndoo. Watoto wenyewe, kuanzia miaka minne, wanaweza kusuuza vikombe, kuokota mirija na kuvua nguo zao nje ya mlango. Wavae nguo kuukuu tangu mwanzo, wala si sare ya madrasa.

Na maji je? Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja au zaidi kidogo. Kikombe kimoja cha mapovu kwa watoto watatu ni nyongeza ndogo, mradi bomba halikuachwa wazi. Maji ya mwisho, yale yenye sabuni kidogo, waoshee mikono. Waoneshe kuwa povu lilelile walilolipuliza ndilo linalong'oa mafuta na vijidudu kwenye vidole. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuharisha kwa takriban asilimia 30, na mtoto aliyeipenda sabuni uani hasumbui kunawa kabla ya chakula.

Magharibi ikikaribia watoto waingizwe ndani, kama tulivyofundishwa na Mtume (s.a.w.) kuwazuia usiku unapoingia. Vikombe na makopo vilivyobaki nje vifudikizwe, kwa sababu mbu wa homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji kidogo tu ya mvua yaliyotulia ndani ya kopo. Na chupa ya sabuni ifungwe kifuniko na irudishwe juu kabla baba hajaenda kutawadha, maana ni katika dakika zile za kila mtu kukimbilia udhu ndipo mdogo kuliko wote hubaki peke yake uani.