Tundu Katika Ukuta

"Maji hushuka, ndivyo Mungu alivyoyaumba." Ndilo jibu tunalopewa kila majira ya mvua hapa Buluo, tukimwuliza mwenye lupango wa juu kwa nini ametoboa ukuta wake maji yatokee kwa jirani.

Jibu hilo hatulikubali, ndugu wasomaji. Maji hushuka, naam. Lakini bati liliumbwa na Mungu? Na uwanja uliosakafiwa kwa simenti toka mlangoni mpaka langoni? Udongo ulikuwa ukinywa mvua. Tumeuziba kinywa, kisha twamsingizia Muumba. Warumi wa kale, hata kabla ya Kristo, walijua tofauti hiyo: maji yaliyoshuka yenyewe hayakuwa kosa, bali aliyeyageuza kwa kazi ya mikono yake akamdhuru jirani, alishtakiwa.

Tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Lupango wa mita 20 kwa 20, ukinyeshewa milimita 50, umepokea lita 20,000, yaani mapipa 100 ya lita 200. Yapitie tundu moja, na ukuta wa jirani ni wa matofali mabichi! Tumeona matofali hayo yakilowa chini kwanza, yakamomonyoka, na mama akiwatoa watoto nje usiku wa manane.

Wengine husema, serikali ituchimbie mifereji. Ituchimbie, tena upesi. Lakini mfereji wa barabarani hauyazuii maji yaliyokwisha kupita jikoni kwa mtu.

Hata sisi tunaojisifu kwa uwanja uliofagiwa hadi ukawa mgumu kama ngoma tuna sehemu yetu katika kosa. Kuogopa nyoka ni haki. Lakini kando ya ukuta majani mafupi yabaki, na matuta ya viazi vitamu yakate mteremko. Maji ya paa yaingie pipani, nalo lifunikwe, kwa ajili ya mbu. Yanayozidi yaende katika shimo la mawe na vipande vya matofali, mbali na msingi wa nyumba, mbali na choo na kisima. Shimo moja halitameza mapipa 100, hatumdanganyi mtu.

Kwa hiyo, kabla mvua hazijarudi mwezi wa Oktoba au Novemba, mwenye tundu aende kwa jirani wa chini, wapatane mfereji wa mpakani hadi barabarani. Gharama ikizidi, wa juu atoe zaidi. Mabati ni yake.