SOMO LA USHIRIKA SI LA KAMATI PEKE YAKE

Ndugu wanachama,

Siku hizi masomo ya ushirika yanapatikana kwenye simu. Lakini wapo wanaosema: "Wasome wajumbe wa kamati, sisi tulime." Hapana! Asiyejua hesabu za chama chake ataibiwa kwenye mizani mchana kweupe, na mkutanoni atapiga makofi.

Mwaka 1973 wazee wetu walisoma Mtu ni Afya kwa vikundi, redio moja watu wengi, kisha wakachimba vyoo. Je, simu moja haiwatoshi watu kumi? Sisi tuliosomea kisomo ukubwani hatuoni haya. Mmoja asome kwa sauti, wengine tuulize: makato haya ni ya nini? Stakabadhi iko wapi?

Mwanachama asiyesoma ni mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.

Elimu haina mwisho!

Katibu wa Tawi